Mume anakutishia "nitakufutia makaratasi" Marekani? Sheria inakuruhusu kuomba mwenyewe, bila saini yake

Mkalimani_Ohio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

"Nikipiga simu uhamiaji leo, kesho uko kwenye ndege." Mimi ni mkalimani wa Kiswahili huku Ohio, na maneno hayo nimeyatafsiri mbele ya mawakili, manesi na mahakimu, kutoka vinywani mwa wanawake wa Dar, Nairobi, Bujumbura na Goma. Mwanamke anapigwa, ananyang'anywa simu, pasi yake ya kusafiria inafungiwa kabatini, na anakaa humo humo miaka kwa sababu ameamini sentensi hiyo. Nyumbani nako wakipigiwa simu wanamwambia avumilie mpaka karatasi zitoke. Naandika ili wanaokaa huku wasome, na nyie ndugu mnaotoa ushauri kutoka nyumbani msome pia.

Tuanze na penye ukweli. Raia wa Marekani, au mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), akitaka kumwombea mwenzi wake anajaza fomu I-130. Ombi hilo ni lake. Anaweza kuliondoa kabla halijakamilika, na hapo ndipo anapopata jeuri yote.

Asichokuambia, au asichokijua, ni kwamba tangu 1994 sheria iliona mtego huo. Sheria ya Ukatili Dhidi ya Wanawake, ambayo huku wote wanaiita VAWA, ilisainiwa na Rais Bill Clinton Septemba 1994. Inamruhusu mke au mume aliyefanyiwa ukatili na mwenzi ambaye ni raia au ana grini kadi aombe mwenyewe, kwa fomu I-360. Mtesaji hasaini, haitwi kwenye usaili wala hapelekewi barua. Na fomu hiyo haina ada.

Wanaangalia mambo machache: ndoa ilikuwa ya kweli, mliishi pamoja, ulifanyiwa ukatili, huyo mtu kweli ni raia au ana grini kadi, na wewe una mwenendo mwema. Ukatili hapa si ngumi peke yake. Kukulazimisha tendo la ndoa, kukufungia ndani, kukukataza kuongea na ndugu, kuchukua mshahara wako wote, kukutukana na kukudhalilisha kila siku, kukutishia kila mara kwamba utafukuzwa nchini: vyote hivi vinapimwa kwa pamoja, na vinaweza kufikia kiwango kinachoitwa ukatili uliokithiri hata kama hajawahi kukuwekea mkono.

Kwa mliooana na raia, hata kama viza yako ilikwisha siku nyingi, mlango haufungwi kwa hilo. Hata aliyeingia bila kupita kwa ofisa wa mpakani, VAWA inamruhusu kuomba grini kadi akiwa humu humu nchini, jambo ambalo njia ya kawaida ya ndoa haimpi.

Mimi si wakili. Ninachoandika ni yale ninayoyatafsiri kila wiki, yako kwenye sheria na mtu yeyote anaweza kuyathibitisha. Ulizeni.

Kahawa_Chungu

Asante sana kwa uzi huu, dada. Niko Dallas, natoka Nakuru. Rafiki yangu aliolewa na Mmarekani, alikuja na viza ya mchumba, wakaoana, akapewa grini kadi ya miaka miwili. Sasa jamaa amegeuka. Anasema bila yeye kwenda naye kwa interview hiyo kadi inakufa. Na yeye aombe hiyo VAWA?

Mkalimani_Ohio

Dada, huyo kesi yake ni nyingine, na pengine ni nyepesi kidogo.

Kadi ya miaka miwili ni ya masharti. Kwa kawaida mke na mume wanajaza pamoja fomu I-751 katika siku 90 kabla haijaisha muda. Lakini aliyefanyiwa ukatili anaruhusiwa kuijaza peke yake, na haimlazimu kusubiri zile siku 90. Anaweza kuipeleka hata sasa, hata kama bado hawajaachana kisheria. Anathibitisha kwamba aliingia kwenye ndoa kwa nia njema na kwamba yeye au mtoto wake aliteswa.

Masharti hayo ya miaka miwili yaliletwa na sheria ya 1986 iliyotungwa kuzuia ndoa za kununua karatasi. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja ndani ya nyumba akapewa kalamu ya kuamua maisha ya mwenzake. Bunge lao likaliona, na 1990 wakaongeza huu msamaha kwa walioteswa. Kwa hiyo rafiki yako asidhani anaomba upendeleo mpya. Msamaha huo umekuwepo zaidi ya miaka 30.

Mzee_Hekima

Mimi nasema ukweli ingawa najua nitashambuliwa. Mnawafundisha wanawake kuvunja nyumba. Mtu ameuza shamba kumleta mkewe, amegombana naye siku moja, kesho mke yuko kwa wakili anasema "nimeteswa" apate karatasi. Wanaume wengi wameumizwa na hii VAWA.

Mkalimani_Ohio

Mzee wangu, shikamoo. Sikushambulii, nakujibu.

Kwanza, kugombana siku moja hakumfikishi mtu popote kwenye ombi hili. Ofisa anasoma mamia ya kurasa: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki ya pamoja, picha, barua za mashahidi, maelezo ya mwombaji mwenyewe yenye matukio na nyakati. Ikionekana ndoa ilikuwa ya kununua karatasi, sheria inamfungia mtu huyo asiweze kuombewa tena kwa njia ya familia, hata akija kupata ndoa ya kweli. Na siku hizi mtu asiye na hadhi ombi lake likikataliwa anaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Anayesema uongo anacheza na moto.

Pili, ombi hili halimpeleki mume jela. Uhamiaji hawamfungulii mashtaka na wala hawamwambii kama kuna ombi. Likiidhinishwa, yeye hapotezi kitu isipokuwa ile nguvu ya kumtisha mwenzake.

Na nyumba unayosema inavunjwa, mzee, mimi nimekaa kando ya mama aliyevunjwa taya nikimtafsiria kwa nesi. Nyumba ile ilivunjwa na nani?

Fundi_Houston

Niruhusuni kumjibu mzee. Mimi ni mwanaume, na nimepata makaratasi yangu kwa VAWA. Jina linasema wanawake lakini sheria haichagui.

Nilioa raia. Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Baadaye alikuwa ananirushia vitu, ananipiga usingizini, na mshahara wangu wa kubeba boksi unaingia kwenye akaunti yake. Nikimwambia inatosha, anashika simu na kusema atawaambia uhamiaji nilimuoa kwa ajili ya karatasi. Kuna usiku jirani aliita polisi. Nilikuwa natokwa na damu kichwani, wakaniuliza mimi nimemfanya nini.

Sikumwambia mtu. Mwanaume wa Kihehe unasemaje kwamba mkeo anakupiga? Aliyenitoa ni mchungaji wetu, alinikalisha chini akaniuliza, sikuweza kuongea, nikalia tu. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kwanza kwenye faili langu.

Kwa anayeandaa maelezo yake: wakili alinirudishia ya kwangu ya mwanzo. Nilikuwa nimeandika kama ripoti ya polisi, tarehe hii alinipiga, tarehe ile akanipiga. Akaniambia niandike maisha ndani ya nyumba ile yalikuwaje: nilikuwa nalala wapi, nilikuwa naogopa sauti gani, niliacha kufanya nini. Ndiyo iliyopita.

Kahawa_Chungu

Pole sana kaka. Mungu akubariki kwa kusema.

Mzee_Hekima

Fundi, pole mwanangu. Hilo sikulijua. Naendelea kusoma.

Mama_wa_Uvira

Jambo dada. Miye nilifika huku na bwana yangu, tulikuwa wakimbizi ku kambi ya Nyarugusu. Faili yote iko kwa jina yake. Sasa ananipiga, na anasema nikiachana naye HCR itanirudisha kambini na watoto. Ni kweli ile maneno?

Mkalimani_Ohio

Mama, si kweli. Tena nakuomba uwaambie na wenzako kanisani, maana huu uongo unazunguka sana kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi.

Ulipotua uwanja wa ndege uliingia kama mkimbizi kwa jina lako. Una karatasi yako ya I-94, ile inayoonyesha uliingiaje nchini, na watoto kila mmoja ana yake. Faili kuanzia kwa jina la bwana hakumfanyi yeye mwenye ukimbizi wako. Baada ya mwaka mmoja kila mkimbizi anatakiwa kuomba grini kadi, na unaiomba kwa jina lako hata kama mmeshaachana. HCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haina uwezo wa kumtoa mtu Marekani. VAWA hata huihitaji. Unachohitaji ni usalama, na wakili wa familia kwa ajili ya watoto.

Tofauti iko kwa kundi jingine, nalieleza hapa lisichanganywe. Kuna wale ambao mume alifika huku mwenyewe akajilipua, yaani akaomba hifadhi ya ukimbizi, akapewa, kisha akamleta mke kwa faili lake. Huyo mke ili apate grini kadi kupitia faili lile ndoa inatakiwa iwe bado ipo. Akiachwa kisheria kabla, anaweza kulazimika kuwasilisha ombi lake mwenyewe la hifadhi. Asisaini talaka kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Kutoka nyumbani atoke hata leo kama ni hatari. Kuhama na kutalikiana ni vitu viwili.

Lamu_Njema

Sisi tulikuja na lottery ya grini kadi. Bwana ndiye aliyeshinda, mimi nikawa chini yake. Ananiambia kadi ni mali yake na anaweza kuirudisha.

Mkalimani_Ohio

Kadi yako ni yako, dada. Mwenzi wa aliyeshinda bahati nasibu anapewa ukaazi wa kudumu kamili, si ule wa masharti wa miaka miwili. Kama ameificha unaomba nyingine kwa fomu I-90. Kuchoma kadi au kuichana hakufuti hadhi iliyoko kwenye kompyuta za serikali.

Bint_Mrima

Asalaam alaykum. Mimi niliolewa msikitini Minnesota, kisha tukachukua na cheti cha serikali. Mume ni raia, mtu wa kwetu. Nimekuja kujua ana mke Tanga hajamwacha. Wakili mmoja wa jamaa aliniambia ndoa yangu batili kwa hiyo sina haki yoyote. Na huyu mtu ameninyanyasa sana.

Mkalimani_Ohio

Waalaykum salaam. Dada, tafuta wakili anayezijua kesi hizi hasa, kwa sababu mwaka 2000 sheria iliongezewa kipengele cha watu kama wewe. Kama ulifunga ndoa kwa dhati ukiamini ni halali, na ubatili umetokana na yeye kuwa na ndoa nyingine aliyokuficha, unaweza kuomba. Makosa yake ya kuoa mara mbili hayakuangukii wewe. Kilichokusaidia ni hicho cheti cha serikali. Kwa waliofunga nikaha tupu bila leseni ya kaunti mambo hutegemea jimbo, na hapo wakili aulizwe mapema.

Kuna upande wa pili unaowaangusha watu wetu wengi kimya kimya. Je, wewe mwenyewe uliwahi kuolewa nyumbani? Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka talaka ipitie baraza la usuluhishi na itolewe kwa amri ya mahakama. Karatasi aliyoandika mume kwa mkono na kumkabidhi shehe au mjomba uhamiaji wanaweza wasiikubali. Kama una ndoa ya zamani, tafuta hiyo hati ya mahakama sasa, usingoje waiulize.

Bint_Mrima

Sijawahi kuolewa kabla. Sasa je, nikidai talaka kwanza, si nitapoteza haki ya kuomba?

Mkalimani_Ohio

Una miaka miwili tangu siku talaka ilipotolewa, mradi talaka ina uhusiano na ule ukatili. Siku ikipita hata moja, mlango huo umefungwa. Muda huo huo wa miaka miwili upo kama mume raia amefariki, au kama amepoteza hadhi yake kwa sababu ya kesi ya ukatili wa nyumbani.

Kitu kingine, na hapa naomba msome taratibu: usiolewe tena kabla ombi la I-360 halijaidhinishwa. Ukiolewa, linakataliwa. Nimeona ndugu wakimsukuma binti aolewe haraka "asikae bure". Subirini.

Mjukuu_wa_Mwanza

Mimi nauliza kwa ajili ya mama yangu mkubwa. Mwanae ni raia, alimleta aje amlelee watoto. Alikuja na viza ya kutembea, ikaisha. Anaamka alfajiri, anapika, anafua, analea watatu, hapewi hela, haendi kanisani, simu anapewa akiwa amesimamiwa. Akisema anataka kurudi, mwanae anamwambia atamshtaki kwa kukaa kinyume cha sheria. Mara moja alimsukuma akaanguka ngazi. Huyo hana mume huku. Ana njia?

Mkalimani_Ohio

Swali hili limenigusa kuliko yote, maana wazee hawa hakuna anayewataja. Wanaletwa kwa shangwe, harambee inafanyika, kisha wanapotelea ndani ya nyumba za watu Texas na Maryland.

Njia ipo. Tangu Januari 2006 VAWA inawahusu pia wazazi. Mzazi aliyeteswa na mwanae wa kumzaa, wa kambo au wa kuasili, ambaye ni raia na ana miaka 21 au zaidi, anaweza kuomba mwenyewe kwa I-360 hiyo hiyo. Kwa wazazi mtoto lazima awe raia, grini kadi haitoshi. Na anayetesa awe mtoto. Kama ni mkwe peke yake inakuwa ngumu, ila mtoto akiwa anaona na kuridhia, au anashiriki, wakili anaweza kujenga hoja.

Mzazi wa raia wa umri huo anapangwa kwenye kundi la jamaa wa karibu kabisa, kwa hiyo hakuna foleni ya viza. Na hahitaji mdhamini wa kifedha, wale wa VAWA wameondolewa sharti hilo. Mama asiogope kwamba hana mtu wa kumsainia.

Tena wakili asiishie VAWA. Kufanyishwa kazi bila malipo kwa vitisho, simu na pasi vikiwa vimeshikwa, kunaweza kuhesabika kuwa utumikishwaji, na hapo kuna viza ya T kwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu. Njia hiyo haijali kama aliyekutumikisha ni raia, ndugu au bosi. Nawaambia na akina dada waliokuja kufanya kazi za ndani kwa wanadiplomasia na matajiri: someni hapo.

Na kwa upole kabisa, ndugu, familia ijiandae. Mama huyo atasema "siwezi kumshtaki mwanangu". Mwambieni hamshtaki mtu, anaomba karatasi zake.

Mjukuu_wa_Mwanza

Umesema hilo hilo analolisema kila siku. Asante, dada. Nitamtafuta kupitia jirani.

Dogo_Kariakoo

Vipi kwa ambaye hajaolewa? Dada yangu anaishi na jamaa, wana mtoto, jamaa mwenyewe hana karatasi. Anampiga vibaya.

Mkalimani_Ohio

VAWA hapo haimfiki, kwa sababu hakuna ndoa na jamaa si raia wala hana grini kadi. Njia yake inaweza kuwa viza ya U. Ilianzishwa mwaka 2000 kwa waathirika wa makosa fulani ya jinai, na ukatili wa nyumbani umo. Haiulizi mtesaji ana hadhi gani, wala kama mlioana.

Sharti lake ni kushirikiana na vyombo vya sheria: polisi, mwendesha mashtaka au hakimu asaini cheti kwamba ulisaidia. Cheti hicho hakiwi halali kama kimesainiwa zaidi ya miezi sita kabla ya kupeleka ombi, hivyo usikichukue ukakiweka kabatini. Tatizo kubwa ni foleni. Zinatolewa 10,000 kwa mwaka kwa waombaji wakuu, na wanaosubiri ni wengi mno, watu wanasubiri miaka na miaka. Tangu 2021 kuna utaratibu wa kumpa kibali cha kazi anayesubiri kama ombi lake limeonekana la kweli.

Kwa wake wa wenye viza za kazi za H, wanaotegemea viza ya mume: mna fomu ya kuomba kibali cha kazi mkiteswa, I-765V. Haileti grini kadi, lakini inakuwezesha kushika hela yako mwenyewe.

Kahawa_Chungu

Na ushahidi? Wengi wetu hatukuita polisi.

Mkalimani_Ohio

Ripoti ya polisi si lazima kwa VAWA. Sheria inasema watapima ushahidi wowote wa kuaminika, na hii ni kwa sababu wanajua aliyefungiwa ndani hatoki na bahasha ya hati.

Sauti za WhatsApp alizokutukana, usizifute. Picha za michubuko. Ujumbe uliomwandikia mama yako Morogoro saa nane za usiku ukisema umelala bafuni, huo una tarehe na una nguvu kuliko mnavyodhani. Barua ya mchungaji, shehe, jirani, mwalimu wa mtoto, yeyote aliyeona au kuambiwa wakati ule. Kadi ya kliniki. Barua ya mshauri wa nyumba salama. Shahidi aandike alichokiona kwa macho yake, si "ni mtu mwema sana, tafadhali msaidieni".

Na msisahau kuthibitisha ndoa yenyewe! Watu wanaleta mlima wa ushahidi wa kupigwa, halafu hawana hata picha mbili za maisha ya pamoja. Video ya send-off, picha za harusi, risiti za pango, bima, kodi mliyojaza pamoja, barua za posta zenye majina yenu kwenye anwani moja.

Vyote hivyo usivihifadhi kwenye simu anayoishika yeye. Mtumie dada au rafiki, kisha futa kwako. Fungua barua pepe mpya kwenye kompyuta ya maktaba, siyo ya nyumbani. Na kwenye I-360 kuna nafasi ya kuandika anwani salama ya kupokelea barua. Itumie. Barua ya uhamiaji ikimfikia yeye mlangoni, umeingia hatarini.

Mzee_Hekima

Swali langu la mwisho. Akipiga simu kweli uhamiaji na kusema huyu ni tapeli, itakuwaje?

Mkalimani_Ohio

Swali zuri, mzee. Kuna sheria ya usiri ya 1996, kifungu cha 1367. Inawakataza maofisa kumwambia mtu, pamoja na mtesaji, kwamba kuna ombi au limefikia wapi. Na inawakataza kufanya uamuzi dhidi ya mwombaji kwa kutegemea maneno ya mtesaji peke yake. Ofisa anayeivunja kwa makusudi anaadhibiwa kazini na anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000.

Sitawadanganya kwamba hali ya sasa ni nyepesi. Ukamataji umeongezeka, maamuzi yanachukua miaka, na masharti yanabanwa. Ndiyo maana nasisitiza wakili kabla ya kupeleka chochote, hasa kama uliwahi kukamatwa, kama una amri ya zamani ya kuondolewa, au kama ulitumia jina lingine. Aliyekwisha kufikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji anaweza pia kuomba kesi ifutwe chini ya VAWA, akiwa ameishi nchini miaka mitatu mfululizo na kutimiza masharti mengine.

Wakati unasubiri usitoke nje ya Marekani bila ushauri, hata kwa msiba. Najua ni neno zito. Lakini aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 kisha akatoka anaweza kufungiwa miaka mitatu, na aliyepitisha mwaka, miaka kumi.

Fundi_Houston

Naongeza: wapeni taarifa kuhusu hawa "mawakala". Mimi nililipa dola 1,500 kwa mtu wa kwetu anayejaza fomu sebuleni. Aliniambia nijaze hifadhi ya ukimbizi, akatunga hadithi ya siasa.

Mkalimani_Ohio

Asante kaka. Wanaoruhusiwa kukupa ushauri wa kisheria wa uhamiaji ni wawili tu: wakili mwenye leseni, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi kwenye shirika linalotambuliwa. Mwingine yeyote, hata awe mzee wa kanisa, akikuchagulia fomu ya kujaza anakuhatarisha. Mashirika ya msaada wa kisheria yapo karibu kila mji mkubwa, na wengi wana mawakili wa bure kwa kesi hizi. Tahirih Justice Center ni mojawapo, walianza 1997 na kazi yao ni wanawake na wasichana wahamiaji waliokimbia ukatili.

Mama_wa_Uvira

Dada, Kingereza yangu ni kidogo sana. Nikipiga simu nitasema nini? Kila mara ni mtoto wangu mukubwa anatafsiri.

Mkalimani_Ohio

Mama, usimtumie mtoto kwa hili, na bwana asiwe mkalimani wako popote, hospitali wala polisi. Ni haki yako kudai mkalimani, na hulipi.

Kukiwa na hatari sasa hivi, piga 911, taja anwani, kisha sema neno moja tu: "Swahili". Watamwunganisha mkalimani kwenye simu. Kama si dharura, namba ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, usiku na mchana, bure, na hawakuulizi karatasi. Hapo pia sema "Swahili" na usikate, ukimya wa dakika chache ni wao wanamtafuta mkalimani. Waombe nyumba salama iliyo karibu nawe na jina la wakili wa uhamiaji.

Ukitoka, beba I-94 yako na za watoto, vyeti vya kuzaliwa, kadi za hospitali na dawa. Ukishindwa kuvipata toka hivyo hivyo, nakala zinaombwa baadaye. Wanaotaka kuniuliza zaidi niandikieni ujumbe wa ndani, ila msiweke jina wala mji hapa uwanjani, maana uzi huu hata yeye anaweza kuusoma.